Bunduki ndogo ya geji 20: risasi na darubini kwa mwindaji chipukizi

Shotgani fupi ya geji 20, yenye kitako cha kijana na darubini juu, ni zao la Marekani. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu: namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba. Huko baadhi ya majimbo yenye makazi mengi yalikataza raifo katika kuwinda kulungu wa mkia mweupe, kwa sababu risasi ya raifo husafiri kilomita kadhaa ikikosa. Wawindaji wakahamia shotgani yenye slagi, yaani pande moja zito la risasi badala ya marisawa mengi. Uganda bunduki ya namna hii huletwa na mgeni aliyekuja na mwanawe, nawe mwongozaji ndiye unayetakiwa kujua kama imepangwa vizuri kabla ya kumwonyesha kijana huyo pongo au swala pala.

Karatasi kwanza: leseni ya uwindaji kutoka Mamlaka ya Wanyamapori Uganda (UWA), kibali cha polisi kwa silaha, na mtu mzima mwenye kibali hicho akiwa kando ya kijana muda wote. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo hakuna uwindaji. Hufanyika kwenye ardhi ya jirani iliyoruhusiwa. Kikikosekana kimojawapo, bunduki irudi kwenye kabati.

Hatua ya 1: Usome mtutu

Toa risasi zote, fungua chemba, tia kidole uhakikishe ni tupu. Kisha tafuta maandishi yaliyogongwa ubavuni mwa mtutu, karibu na chemba. Utaona geji na urefu wa chemba kwa inchi: 2¾ (milimita 70) au 3 (milimita 76).

Urefu huo ni wa ganda likiwa limeshapigwa na mdomo wake kufunguka. Ndiyo maana risasi ya inchi 3 inaweza kuingia bila shida kwenye chemba ya 2¾, ukadhani iko sawa. Ikipigwa, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka, na shinikizo hupanda kupita kiasi. Kuingia si kukubali.

Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya geji. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye bunduki ya geji 12 hupita chemba na kukwama mtutuni. Mtu anavuta kifyatulio, hakuna kitu, anadhani hakuweka risasi, anaongeza ya geji 12 nyuma yake. Mtutu unapasuka mikononi. Kwa ajili hiyo maganda ya geji 20 hutengenezwa ya rangi ya njano. Hata hivyo, kambini geji mbili zisikae kwenye mfuko mmoja, wala kwenye koti moja.

Sasa mulika ndani ya mtutu kwa tochi. Je, ni laini kama bomba, au una mifereji iliyojisokota? Jibu lako hapa ndilo litakalochagua risasi. Bei na picha kwenye boksi hazina kauli.

Hatua ya 2: Kitako kabla ya darubini

Wengi huruka hatua hii, halafu darubini ndiyo inayolaumiwa. Kitako cha mtu mzima huwa na urefu wa inchi 14 hivi kutoka kifyatulio hadi mwisho wake. Cha kijana ni inchi 12 hadi 13. Mpe kijana bunduki tupu, aiweke begani kama anayelenga. Kati ya pua yake na kidole gumba kilichoshika bunduki pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Akiinama nyuma kama mtu aliyebeba ndoo ya maji mbele, kitako ni kirefu. Pua ikigusa gumba, ni kifupi.

Bunduki kadhaa za vijana, mfano Mossberg 500 Super Bantam, zina kipande cha kuongeza kitakoni ili kirefushwe mtoto anapokua. Hakikisha pia pedi ya mpira ya mwisho ni laini. Ikiwa imekauka na kuwa ngumu kama soli ya kiatu, ibadilishe.

Hatua ya 3: Risasi

Mtutu laini unataka slagi za aina ya Foster au Brenneke. Ya kwanza ilibuniwa Marekani mwaka 1931, ya pili Ujerumani mwaka 1898. Zote mbili hunyooka hewani kwa sababu uzito uko mbele, kama kibuyu kilichofungwa mkia wa kitambaa. Ile mistari ya ubavuni, watu husema ndiyo inayoizungusha slagi. La, kazi yake kubwa ni kuiruhusu slagi ijibane ikipita kwenye choki, yaani mbano wa mdomoni mwa mtutu. Tumia choki iliyo wazi kabisa au ile inayofuata kwa uwazi. Choki ya kubana kabisa iachie ndege.

Mtutu wenye mifereji unataka slagi ya sabo: risasi nyembamba iliyovikwa kiatu cha plastiki. Mifereji hushika kiatu, kiatu huizungusha risasi, kisha huachana nayo nje ya mtutu. Ukiipiga sabo kwenye mtutu laini hakuna wa kuizungusha. Inaruka ikipinduka, na mita 50 huenda ikapiga karatasi kwa ubavu: tundu refu kama la ufunguo badala ya duara. Umelipa zaidi ili upate matokeo mabaya zaidi. Kinyume chake, Foster kwenye mtutu wenye mifereji hupita, lakini huacha madini ya risasi yaliyosuguliwa ndani ya mifereji na shabaha huharibika upesi.

Tuje kwenye teke, yaani bunduki inavyorudi nyuma na kupiga bega. Slagi ya kawaida ya geji 20 ina gramu 21 hivi na hutoka kwa takribani mita 490 kwa sekunde. Bunduki ya kijana ina kilo 2.7 tu. Ni nyepesi kubeba, lakini wepesi huohuo ndio unaofanya ipige bega. Ukiongeza nusu kilo, kwa darubini, kishikio chake na mkanda, nguvu ya teke hupungua kwa karibu moja ya sita. Kwa hiyo:

- Chagua ganda la 2¾ hata kama chemba ni ya 3. Pongo hatajua tofauti. Bega la kijana litajua.
- Ukipata zile zilizoandikwa teke lililopunguzwa, zitumie, ila bunduki isawazishwe (darubini irekebishwe ili risasi ipige inapolengwa) kwa risasi hizohizo utakazowindia.
- Nunua aina tatu, boksi moja moja, kwa muuzaji mwenye leseni. Piga tatu za kila aina mita 50. Kila mtutu una risasi unayoipenda, na hakuna njia ya kuitambua ila kupiga. Inayoweka matundu matatu ndani ya kisosi cha chai ndiyo yako. Nunua za kutosha za toleo hilohilo.

Marisawa makubwa yaache. Geji 20 haibebi mengi, na baada ya mita 25 yanatawanyika kiasi cha kujeruhi mnyama bila kumwangusha. Na nyati si wa bunduki hii, hata iwe na slagi gani.

Hatua ya 4: Darubini

Kichakani pongo huonekana mita 20 hadi 60. Darubini inayokuza mara 1.5 hadi 4.5, au mara 2 hadi 7 yenye kioo cha milimita 32, inatosha na kubaki. Ukimtazama mnyama wa mita 25 kwa ukuzaji wa 9 utaona manyoya tu, usijue kama ni bega au paja. Iache kwenye namba ya chini kabisa mnapotembea.

Umbali wa jicho ndio wa kuangalia zaidi. Darubini ioneshe picha kamili jicho likiwa angalau sentimita 9 nyuma yake. 10 ni bora. Darubini ya raifo ya .22, yaani raifo ndogo yenye risasi nyembamba na teke dogo, ni rahisi na inavutia, lakini jicho linatakiwa liwe karibu nayo mno, na ndani haikujengwa kuhimili teke la slagi. Mara moja tu ikimkata kijana juu ya nyusi, hatafungua macho vizuri tena akilenga.

Tazama pia umbali ambao kiwanda kimeupanga, yaani ule ambao msalaba wa kulengea hautembei juu ya shabaha jicho likisogea. Darubini za shotgani hupangwa kwa yadi 50 au 75; za raifo yadi 100 na zaidi. Kuipima: egemeza bunduki tupu kwenye mifuko ya mchanga, lenga karatasi mita 50, sogeza kichwa kidogo kushoto na kulia bila kuigusa bunduki. Msalaba ukitembea sana juu ya karatasi, kijana asiyeweka shavu mahali palepale kila mara atakosa bila kujua sababu.

Kwa kijana anayehangaika kupata picha kwenye darubini, kilengeo cha nukta nyekundu, kinachoonyesha nukta ya mwanga kwenye kioo badala ya msalaba, ni chaguo zuri, pengine bora. Haina masharti ya umbali wa jicho, na anaweza kulenga macho yote mawili yakiwa wazi. Beba betri ya akiba.

Hatua ya 5: Kufunga

Kishikio kilichojengwa kwenye mtutu wenyewe ndicho bora, kwa sababu darubini na mtutu husogea pamoja. Kile cha juu ya mwili wa bunduki kinafaa, mradi mtutu haucheziki kwenye kiungo chake. Ushike, utikise: ukisikia mchezo, kaza kwanza kofia ya mbele inayoushikilia mtutu.

Safisha mafuta kwenye matundu ya skrubu, weka tone la gundi ya skrubu ya bluu, isiwe nyekundu. Kaza kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda. Mwili wa Mossberg 500 ni wa alumini. Wa Remington 870 ni chuma. Anayekaza alumini kwa nguvu za chuma hung'oa nyuzi za tundu, na hapo kazi inahamia kwa fundi. Kabla ya kukaza pete, kijana aiweke bunduki begani macho yamefumbwa, kisha afumbue. Sogeza darubini mbele au nyuma mpaka picha iwe kamili bila yeye kunyoosha shingo.

Hatua ya 6: Kusawazisha

Kazi hii ifanywe na mtu mzima. Kijana asitumie bega lake kutafuta shabaha.

Anza mita 25, bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Piga tatu, pima katikati ya matundu. Darubini nyingi husogea milimita 7 hivi kwa kliki moja (hatua moja ya kitufe chake cha kurekebishia) mita 100, kwa hiyo mita 25 ni milimita 1.8. Matundu yakiwa sentimita 9 chini, ni kliki 50 kwenda juu. Soma kofia ya darubini yako, kwani nyingine husogea maradufu. Ukikaribia, hamia mita 50 umalizie hapo. Acha mtutu upoe kati ya risasi. Ukishindwa kuushika kwa kiganja, ngoja.

Foster iliyosawazishwa mita 50 itakuwa imeshuka takribani sentimita 4 mita 75, na kama 15 mita 100, huku ikiwa imepoteza zaidi ya theluthi ya mwendo wake. Mwekee kijana mpaka wa mita 60, na akipiga kwa kusimama bila egemeo, 30.

Mazoezi yake yaanze kwa .22, kisha marisawa mepesi, na slagi tatu au nne tu kwa siku, masikio yakiwa yamefunikwa. Changanya ganda la mazoezi lisilo na baruti kati ya risasi bila kumwambia. Likifika zamu, mdomo wa bunduki ukichomoka chini, anashtukia mlio kabla haujaja, rudini kwenye .22.

Baada ya gari kurukaruka kwenye barabara ya vumbi, piga moja ya kuhakiki mita 50 kabla ya kuingia porini. Na kabla ya risasi yoyote kwa mnyama, mwongozaji atazame nyuma ya mnyama huyo kwa darubini ya mkono. Slagi iliyokosa huenda mamia ya mita, na kwenye malisho ya Mburo nyuma ya kichaka mara nyingi kuna ng'ombe wa Ankole, na mchungaji ameketi kivulini pembeni yao.