Somo: Mmea gani upande kwenye fensi, na nini kitambae chini yake

Mvua za Novemba ziko mlangoni hapa kwetu Kigoma, na kila ninayekutana naye sokoni ananiuliza apande nini kwenye fensi. Haya, tulieni.

Hatua ya 1: itazame fensi kabla ya mmea. Fito zilizochomekwa tu ardhini ni chakula cha mchwa; ukizibebesha bugenvilia, utaokota vyote chini. Yangu ya Mwanga ililala hivyo usiku mmoja, ikanilalia na mahindi. Mzigo mzito unataka nguzo za zege au chuma. Fensi nyepesi ipe dodoki au fiwi, ukivuna unang'oa.

Hatua ya 2: jua mmea unapandaje. Pesheni ina vikono vinavyojisokota, kwa hiyo kwenye wavu inajipandia yenyewe, lakini kwenye ukuta uliopigwa lipu haina pa kushika. Fiwi hujiviringisha shina zima. Bugenvilia huegemea tu kwa miiba yake, hivyo ni kazi yako kuifunga kamba kila inaporefuka.

Hatua ya 3: chagua. Kwa joto la huku ziwani chukua pesheni ya njano; ya zambarau hupenda nyanda za juu zenye baridi. Panda zaidi ya mche mmoja, maana ya njano hutaka chavua ya mwenzake. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao ndio wanaoibeba, kwa hiyo waacheni hata wakiwakera. Bugenvilia ni ya jua kali na haijali kiangazi cha Juni hadi Septemba ikishashika mizizi. Ukiizidishia maji na samadi itakupa majani matupu. (Hiyo rangi mnayoisifu nayo ni majani, ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati.)

Hatua ya 4: shimo la sentimita 45 kila upande, samadi iliyooza, futi moja kutoka kwenye fensi. Kati ya mche na mche, pesheni mita 3, bugenvilia mita 1.5.

Hatua ya 5: chini ya fensi. Hapa ndipo tunapoumia, kwa kuwa viwanja vyetu vingi vimeinama kuelekea ziwani. Mvua moja tu, udongo umekwenda kwa jirani na mizizi iko nje. Dawa yangu ni matembele: yanafunika upesi, na mboga unapata. Matuta yakingame mteremko. Chuma majani tu. Ukichimba viazi, umeulegeza udongo kwa mkono wako. Penye kivuli kidogo weka ile jamii ya karanga inayotambaa, yenye maua ya njano. Kuzunguka shina acha nusu mita wazi.

Maswali ya wanakikundi

Wa Gungu: Mwalimu, mbona umeiruka minyaa? Wazee wetu waliizungushia boma.
Jibu: Ni uzio mzuri, na mbuzi hawaigusi. Ila haitambai, na utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari. Kwenye watoto wadogo siipandi.

Wa Ujiji: Majani yote hayo si yataleta nyoka?
Jibu: Nyoka hufuata panya na vyura. Pogoa, zoa taka, na mita moja kutoka ukuta wa nyumba iwe wazi.

Wa Bangwe: Nimeona porini mmea unapanda vizuri mno, maganda yake yana manyoya ya kahawia kama mahameli. Nichume mbegu?
Jibu: Ndugu yangu, huo ni upupu. Rudi nyumbani.