Omeprazole na kipimo cha vidonda vya tumbo

Wengi wetu hapa Nairobi, tumbo likichoma tunapitia kemisti, tunameza omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, na kuendelea na kazi. Sasa ukitumwa kupimwa choo kutafuta Helicobacter pylori, bakteria wanaosababisha vidonda vingi vya tumbo, mwambie daktari unaimeza. Dawa hiyo huwapunguza bakteria hao hadi kipimo kinawakosa, nawe unarudishwa nyumbani ukiambiwa huna kitu. Kwa kawaida huachwa wiki 2 kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki 4. Kipimo cha damu mimi sikipendekezi: hutafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria hao, nayo hubaki mwilini hata baada ya kupona. Lakini ukitapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami, tafadhali usingoje kipimo. Nenda hospitali usiku huohuo.