Kupima upepo kwa mradi wa chuo Nairobi: kuanzia mlingoti hadi hesabu

Nguvu ya upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Kifaa kikizidisha kasi kwa asilimia 10, nishati utakayokadiria itazidi kwa asilimia 33, na hakuna programu itakayoligundua kosa hilo baadaye. Ndiyo maana mlingoti na kifaa vinastahili muda mwingi kuliko michoro ya ripoti.

Anza na mahali. Kimo cha kawaida cha kupimia ni mita 10 kutoka ardhini, na kizuizi chochote kiwe mbali angalau mara kumi ya urefu wake. Hosteli ya mita 12 inataka umbali wa mita 120. Nafasi kama hiyo ni adimu jijini, kwa hiyo omba kona ya uwanja wa michezo wa chuo kabla ya kufikiria paa. Upepo unaogonga ukuta hupanda na kujiviringisha juu ya paa, na vikombe vya kipimaupepo, vile vinavyozungushwa na upepo, vikiwa ndani ya mviringo huo vinasoma kitu kisichohusu mtaa hata kidogo. Ukilazimika kutumia paa, andika wazi kwamba unapima paa hilo tu. Barua ya chuo na leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) zitafutwe mapema, na uwaulize KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kuhusu urefu wa mlingoti, maana viwanja vya ndege vya Wilson na JKIA haviko mbali.

Mlingoti wenyewe ni mabomba mawili ya G.I. (chuma kilichopakwa zinki) ya inchi 2, kila moja la mita 6, yaliyounganishwa kwa soketi na kukatwa ili vikombe vikae mita 10. Fundi wa jua kali wa Kamukunji atakutengenezea kitako chenye bawaba ili uulaze mlingoti bila kuupanda. Tumia waya za chuma za milimita 4 katika pande nne, si tatu: nanga mbili zikae kwenye mstari mmoja na bawaba, hivyo waya za ubavuni hubaki zimekaza unapoulaza. Kama chuo kiko kwenye udongo mweusi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, zimwagie nanga zege na ukague mkazo wa waya kila wiki mbili. Mlingoti ulioinama huinamisha pia vikombe, na usomaji hupotoka.

Sasa kifaa. Ndani ya kipimaupepo cha bei nafuu kuna sumaku na swichi ndogo ya kioo inayofunga sumaku inapopita. Katika aina inayouzwa sana kwa wanafunzi, mpigo mmoja kwa sekunde ni kilomita 2.4 kwa saa, yaani mita 0.67 kwa sekunde. Hakikisha namba hii kwenye karatasi ya kifaa chako. Swichi hutetemeka kidogo inapofunga, na mpigo mmoja ukahesabiwa kama miwili au mitatu. Hapo ndipo dhoruba za mita 40 kwa sekunde huzaliwa siku tulivu. Weka resista ya kiloomu 10 kwenye waya wa ishara, kisha programu ipuuze mpigo wowote unaokuja ndani ya milisekunde 5 baada ya uliotangulia. Usiongeze muda huo ovyo. Kwenye mita 30 kwa sekunde mipigo hupishana kwa milisekunde 22 hivi, kwa hiyo 5 haidhuru kitu, lakini 50 itaanza kumeza mipigo halali upepo ukipita mita 13.

Kabla ya kusimamisha mlingoti, weka vipimaupepo viwili kimo kimoja, mita moja na nusu kando, kwa wiki mbili. Vikitofautiana zaidi ya asilimia 2, jua tofauti hiyo kabla hujavitenganisha.

Soma kila sekunde, hifadhi kila dakika 10: wastani, mkengeuko sanifu (kasi inavyotawanyika kuzunguka wastani), kasi ndogo na kubwa kabisa. Hizo ni safu 144 kwa siku. Hifadhi pia wastani wa kipeo cha tatu. Upepo unaovuma mita 2 kwa sekunde kwa nusu saa, kisha mita 6 kwa sekunde kwa nusu saa nyingine, una wastani wa 4, ambao kipeo chake ni 64. Wastani halisi wa vipeo ni 112. Mwelekeo nao usijumlishwe kama namba za kawaida: digrii 350 na 10 zote ni kaskazini, lakini wastani wake wa hesabu ni 180, yaani kusini. Tumia wastani wa saini (sin) na kosaini (cos) za pembe hizo. Unapolenga kielekeza-upepo kaskazini kwa dira, simama mita kadhaa kutoka kwenye bomba, kwa sababu chuma huvuta sindano ya dira.

Densiti ya hewa huwaponza wengi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo halisi ni kama hektopaskali 830. Gawanya paskali 83,000 kwa 287 (kigezo cha gesi cha hewa kavu) mara kelvini 293 (nyuzi 20 za Selsiasi), upate kilo 0.99 kwa mita ya ujazo. Anayetumia 1.225 ya vitabuni amejiongezea nishati kwa karibu robo. Kanieneo ya uwanja wa ndege iliyorekebishwa hadi usawa wa bahari italeta kosa hilohilo.

Miezi mitatu haitoshi kuuelezea mwaka wenye kaskazi na kusi. Linganisha vipimo vyako na ERA5, data ya bure ya hali ya hewa ya dunia iliyokokotolewa kwa kompyuta, ya kila saa tangu 1940, lakini kumbuka gridi yake ni ya kilomita 28 hivi: mgongo wa vilima vya Ngong, wenye mitambo ya upepo ya kampuni ya umeme ya KenGen, umelainishwa humo. Saa zake ni za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Saa tisa alasiri kwenye daftari lako ni 15:00 ya Nairobi na 12:00 ya UTC; ukichanganya hizo tatu, kilele cha upepo kitahamia saa isiyo yake.

Ukiona sufuri kwa saa nyingi huku kielekeza-upepo kikiendelea kugeuka, laza mlingoti uangalie: huenda ni utando wa buibui au beringi iliyojaa vumbi. Usiifute safu hiyo. Iwekee alama kwenye safuwima ya pembeni, andika sababu na tarehe, na faili ghafi ibaki kama ilivyotoka kwenye kifaa.