Namna ya Kuifanya Nyumba ya Mapumziko Ijilipie

Wengi hununua nyumba ya mapumziko kwa sababu wamependa mandhari yake, kisha ndipo wanapotafuta hesabu za kuhalalisha uamuzi ambao moyo umekwisha kuupitisha. Anayekusudia kuipangisha kwa wageni hana budi kuanza na hesabu, na hesabu yenyewe ianze na usiku ambao nyumba italala tupu.

Njia nyepesi ni kuzigeuza gharama zote kuwa idadi ya usiku. Jumlisha kwanza zile zinazolipwa kwa mwaka hata asipoingia mgeni hata mmoja, yaani marejesho ya mkopo, bima, kodi ya majengo, ada za jumuiya ya wamiliki, ulinzi na intaneti. Tuseme jumla hiyo ni sawa na bei ya usiku 90. Kisha tazama ni kiasi gani cha kila malipo ya mgeni kinachomezwa na usafi, ufuaji wa mashuka, umeme, maji na kamisheni ya jukwaa la mtandaoni. Kama ni asilimia 40, kinachobaki mkononi ni asilimia 60 tu, na kwa hiyo utahitaji kupangisha kwa usiku 150, wala si 90, ili usipate hasara. Hapo bado hujaweka akiba ya paa, rangi na mashine zitakazochakaa.

Sasa chunguza iwapo nyumba zinazofanana na hiyo, katika eneo hilo hilo, hufikia idadi hiyo. Muuzaji atakuonyesha mapato ya msimu wa wageni wengi. Wewe mwombe ya miezi ya wageni wachache, pamoja na stakabadhi zake. Kalenda za nyumba hizo mtandaoni, zinazoonyesha tarehe zilizo wazi na zilizofungwa, husaidia, ila zisomwe kwa tahadhari, kwa kuwa tarehe iliyofungwa huenda imefungwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, hakikisha kwamba upangishaji wa muda mfupi unaruhusiwa, na kwamba leseni ya mmiliki wa sasa, kama anayo, inaweza kuhamishiwa kwako. Jambo hili ndilo hupuuzwa zaidi, ilhali ndilo linaloweza kuua biashara nzima kwa siku moja. Jijini New York, tangu Septemba 2023, anayepangisha kwa chini ya siku 30 hutakiwa kujisajili na kuwapo nyumbani pamoja na mgeni. Uongozi wa jiji la Barcelona nao ulitangaza mwaka 2024 kwamba hautahuisha leseni za nyumba za kupangishia watalii zitakapokwisha mwaka 2028. Soma pia kanuni za jengo lenyewe, kwani jumuiya ya wamiliki inaweza kukataza kile ambacho sheria imeruhusu.

Mweleze mkopeshaji na kampuni ya bima ukweli wa matumizi ya nyumba. Bima ya makazi ya kawaida mara nyingi hailipi madhara yaliyosababishwa na mgeni aliyelipia malazi, na nyingine hupunguza ulinzi wake nyumba inapokaa tupu kwa muda mrefu.

Swali linalofuata ni la usimamizi: bomba likipasuka usiku wa manane, nani atafika? Mmiliki anayeishi mbali atahitaji msimamizi wa kulipwa, na malipo hayo, ambayo aghalabu ni fungu la mapato, yaingizwe katika hesabu tangu mwanzo. Samani zisikusumbue sana, mradi ziwe imara na rahisi kusafishwa. Mashuka, hata hivyo, yawe seti tatu kwa kila kitanda: moja kitandani, moja kwa dobi, moja kabatini. Weka pia kima cha chini cha idadi ya usiku ambao mgeni anaweza kukodi, kwa maana mgeni wa usiku mmoja hugharimu usafi sawa na wa usiku wanne. Kima hicho unaweza kukilegeza wageni wanapoadimika.

Kuhusu matumizi yako mwenyewe, wiki unayojitengea katika msimu wa kilele si ya bure, bali ni mapato uliyoyaacha, na yaandikwe hivyo daftarini. Mamlaka za kodi nazo zinaweza kuzihesabu siku zako. Nchini Marekani, kwa mfano, mmiliki akiitumia nyumba anayoipangisha kwa zaidi ya siku 14 kwa mwaka, au zaidi ya asilimia 10 ya siku ilizopangishwa kwa bei ya soko, kutegemea kiwango kipi ni kikubwa, nyumba huhesabiwa kuwa makazi yake, na gharama anazoweza kuziondoa katika mapato yanayotozwa kodi huwekewa ukomo. Kwa hiyo, weka kumbukumbu ya kila usiku, ukionyesha aliyelala ni mgeni wa kulipa, ni wewe, ni ndugu yako, au ni fundi aliyekuja kukarabati.