Toroli kumi za samadi hazizibi pengo la mfuko wa urea

Wakulima wanaohamia kilimo hai wanarudia kosa lilelile kila msimu: wanaacha mbolea ya dukani kwa mkupuo mmoja, wanamwaga toroli kumi za samadi kwenye ekari ya mahindi, kisha wanalaumu mbegu.

Piga hesabu. Mfuko wa kilo 50 wa urea, mbolea ya dukani, una kilo 23 za naitrojeni, kirutubisho cha kukuza mmea. Toroli moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza ina uzito wa kama kilo 50, hivyo toroli kumi ni nusu tani. Humo mna naitrojeni kilo 2.5 hadi 5, na msimu wa kwanza mmea hupata kama theluthi yake tu. Iliyobaki huachiliwa polepole. Umeondoa 23 ukarudisha moja na ushei! Mavuno ya tani 1.6 kwa ekari hubeba karibu kilo 25 za naitrojeni kwenye punje peke yake, mabua hatujayagusa.

Kilimo hai kinachofanywa sawasawa huzaa pungufu ya kile cha mbolea za viwandani kwa wastani wa asilimia 20 hadi 25, na midomo ya kulisha inaongezeka. Kikifanywa kwa nusu tani hakilishi hata kaya. Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea za viwandani Aprili 2021 bila kuwa na samadi ya kutosha. Kufikia Novemba marufuku ikaondolewa, lakini mavuno ya mpunga yaliporomoka.

Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari ina mashimo 18,000 hivi. Kutegemea samadi peke yake kunataka nusu kilo kila shimo, yaani tani 9, toroli 180. Huna? Basi usitawanye ulichonacho shamba zima. Weka konzi mbili kila shimo, funika kwa udongo sentimita 3, ndipo udondoshe mbegu. Mahindi yakifikisha majani sita, udongo ukiwa na unyevu, weka urea nusu kifuniko cha soda, sentimita 10 kutoka kwenye shina, na uifukie sentimita 5. Ukiiacha juu ya udongo inapotea hewani. Ukingoja mbelewele, yale maua ya kileleni, umechelewa, na hili tumeshalisema mara nyingi.

Samadi mbichi yenye mabua ni hasara nyingine: vijidudu vinavyoiozesha hunyang'anya mahindi naitrojeni, na wiki ya tatu au ya nne shamba linageuka njano. Lundika kimo cha mita 1.5, funika, geuza wiki ya 3 na ya 6, tumia baada ya miezi mitatu. Lundo liwe na unyevu wa kiasi: ukikamua konzi ya samadi, itoe tone moja mawili tu.

Majani ya chini yakibaki kijani hadi mbelewele, umepatia.

Anayetafuta cheti cha kilimo hai haruhusiwi urea hata chembe. Huyo atangulize msimu mzima wa mikunde, afukie majani yake, ndipo apande mahindi.