Kula Dar es Salaam kwa Saa: Supu, Mama Lishe, Vijiwe vya Kahawa na Migahawa

Dar es Salaam kila chungu kina saa yake. Supu inayosifiwa na mtaa mzima saa moja asubuhi, ikifika saa nne imeshaongezwa maji mara mbili. Kibanda cha mishikaki chenye foleni usiku, ukifika saa tisa alasiri utakuta jiko halijawashwa. Wengi wanaorudi wakisema mahali fulani pana sifa za bure walifika saa isiyo yake. Ndiyo maana maelezo haya yanafuata saa, kuanzia alfajiri mpaka usiku. Yatamfaa mgeni wa jiji, na pia mzaliwa wa Temeke ambaye hajawahi kula Upanga.

Kabla ya kutoka

Chagua eneo moja kwa siku. Kariakoo, Kisutu, Posta na Feri, penye soko la samaki, unaweza kuziunganisha kwa miguu, na basi la mwendokasi linakushusha Gerezani kwa Kariakoo au Kivukoni kwa Feri. Sinza na Mwenge zipe siku yake, Masaki na Oysterbay nyingine. Anayejaribu kuzimaliza zote kwa siku moja hula foleni ya magari kuliko chakula.

Nendeni wawili au watatu. Sahani ya mama lishe imepimwa kwa mtu anayebeba mizigo, na ukiimaliza peke yako saa sita huna tena tumbo la kuonja kitu mpaka usiku. Mkiwa watatu agizeni sahani mbili na kijiko cha ziada. Ukiwa peke yako omba "nusu"; sehemu nyingi wanakubali.

Beba sarafu na noti za 1,000 na 2,000. Lipa namba zimeenea mpaka kwenye meza za chipsi, ila mtandao hukatika, na kumpa mama noti ya 10,000 saa moja asubuhi kwa chai na chapati ni kumtuma akazunguke mtaa mzima kutafuta chenji huku supu ikimsubiri.

Ramani ya simu itakufikisha kwenye mgahawa wa Masaki. Kwa vibanda haisaidii sana, kwa sababu vingi havimo, na vilivyomo saa zake mara nyingi si za kweli. Njia ya uhakika Kariakoo na Posta ni kufuata sinia. Kati ya saa sita na saa saba mchana utawaona wasichana na vijana wakipita na sahani zilizofunikwa, wanapeleka chakula madukani na maofisini. Angalia mfuniko unapofunuliwa: wali unatoa moshi au umepoa? Kisha mfuate anaporudi na sahani tupu. Jiko linalolisha maduka ishirini kila siku haliwezi kuharibu chakula Jumatatu likabaki na wateja Jumanne. Njia nyingine ni kumuuliza dereva wa bajaji au bodaboda, lakini usimuulize "wapi pazuri", maana atakupeleka anakodhani mgeni anapenda. Muulize yeye mwenyewe leo anakula wapi.

Alfajiri mpaka saa nne: supu

Supu huchemka usiku kucha na huwa tayari kuanzia saa kumi na mbili. Muda wake mzuri ni saa moja hadi saa mbili na nusu. Ukifika, taja mnyama na kiungo: supu ya mbuzi, ya ng'ombe, ya utumbo, ya kongoro, ya kuku. Ukisema "supu" tu utapewa iliyobaki nyingi.

Kongoro ndiyo inayoonyesha kazi ya mpishi. Miguu ya ng'ombe ikichemshwa taratibu kwa saa nyingi hutoa ute, na supu yake hunatisha midomo na kuganda kidogo pembeni mwa bakuli ikianza kupoa. Ikiwa nyepesi kama chai, basi haikuchemshwa vya kutosha au imeongezwa maji. Utumbo nao una kipimo chake, nacho ni harufu. Ukioshwa vizuri unanukia nyama. Usipooshwa, hakuna ndimu itakayouficha. Onja mchuzi kwanza bila kitu, ndipo ukamue ndimu na kuongeza pilipili. Anayekamua kabla ya kuonja hajui anakula nini.

Chapati agiza baada ya kuiona. Inayotoka kwenye kikaango inachambuka tabaka kwa tabaka. Iliyokaa kwenye hotipoti saa mbili inatoka jasho na kulegea, na hiyo ivunjevunje ndani ya supu, itakaa sawa. Vitumbua vya mchele na nazi vinataka kuliwa vikiwa moto hapo hapo jikoni. Vikipoa, mafuta yanajikusanya chini na hiliki haisikiki tena. Chai na chapati mbili kwa kawaida haizidi 2,000, na bakuli la supu huongeza 2,000 hadi 4,000 kulingana na eneo na nyama.

Kama umeamkia Feri, kazi ni nyingine. Hapo unanunua samaki mwenyewe mnadani au kwa wachuuzi, unalipa kuparuliwa, kisha unampeleka kwa wakaangaji palepale sokoni. Patana bei ya kila hatua kabla ya kumkabidhi mtu samaki wako. Mtazame macho: yawe maangavu na yamevimba, yasiwe ya maziwa wala yaliyodidimia. Fungua mashavu: yawe mekundu. Bonyeza mnofu kwa kidole; shimo lisiporudi, muache. Mwambie mkaangaji amchanje pande zote mbili mpaka karibu na mfupa. Samaki mnene asiyechanjwa hukauka nje akabaki mbichi mgongoni, na hilo ndilo kosa la kila siku pale watu wakiwa wengi.

Kijiwe cha kahawa

Muuza kahawa anakuwa na birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo vya kauri, ndoo ya kusuuzia, na kashata za karanga au nazi. Hukaa alfajiri baada ya swala, kisha huonekana tena kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka usiku. Kariakoo, Ilala, Magomeni, huhitaji hata kuuliza. Tafuta benchi lenye wazee na bao la drafti.

Salimu kwanza. Ni "asalaam aleikum" au "shikamooni wazee", kisha ndipo ukae. Kahawa ni chungu na haitiwi sukari. Utamu unatoka kwenye kashata, uing'ate kidogo kabla ya kila funda. Kikombe ni cha mafunda matatu manne, kwa hiyo watu hunywa viwili au vitatu, na hesabu hufanywa mwisho. Taja mwenyewe idadi yako, usingoje kuulizwa. Kitu cha kuangalia ni ndoo: maji yake yakiwa yamegeuka rangi ya kahawa, vikombe havioshwi, vinachovywa tu. Nenda benchi linalofuata.

Saa sita hadi saa nane: kwa mama lishe

Hiki ndicho kiini cha chakula cha jiji. Masufuria huwa yamepangwa mbele yako, na kinachoamua bei ni mboga. Maharage ndiyo rahisi, kisha dagaa, kisha nyama, juu kabisa samaki na kuku. Wali maharage mara nyingi utakuwa kati ya 1,500 na 3,000. Samaki anaweza kuiongeza bei hiyo mara mbili. Sahani kamili ina wali au ugali, mboga kuu, maharage kidogo, mchicha au matembele au kisamvu, na mara nyingi kipande cha tikiti au ndizi. Kuongezewa mchuzi au mboga za majani kwa kawaida hakulipiwi. Nyama ya ziada inalipiwa.

Sema "Mama, shikamoo. Leo kuna nini?" na umwache ataje. Kinachotajwa kwanza mara nyingi ndicho kilichopikwa mwisho, kingali cha moto. Halafu "naomba", si "nataka". Kama mama ni wa umri wako, "dada" inatosha. Wanaokula mezani watakukaribisha: "karibu chakula". Jibu ni "ahsante, starehe", hata kama meza nzima humjui mtu.

Kagua vitu vitatu kabla ya kukaa. Cha kwanza ni moshi wa sufuria. Mchuzi uliokaa kwenye mkaa ukitokota taratibu ni salama. Uliowekwa chini ukapoa saa nzima uuogope. Wali unahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Una bakteria ambao mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu saa nyingi huzaliana na kutoa sumu isiyoondoka hata ukipashwa moto upya. Kwa hiyo wali wa saa sita mchana kula kwa amani, wa saa kumi jioni kutoka sufuria ileile acha. Cha pili ni maji ya kunawa: yawe yanamiminwa kutoka kwenye jagi au ndoo yenye bomba, na sabuni iwepo. Beseni moja la kuchovya mikono ya wote halifai. Cha tatu ni kachumbari na matunda yaliyokatwa. Hivi havipiti motoni, basi vinategemea maji yaliyoviosha na kisu kilichovikata. Msimu wa masika, maji machafu yanapotapakaa na kipindupindu kuwa hatari, kula kilichotoka jikoni moto na unywe maji ya chupa ambayo umeifungua wewe.

Saa nane ikipita, kinachobaki ni ugali na mchuzi wa mwisho. Ijumaa wahi zaidi: pilau na biriani hupikwa kwa wingi siku hiyo, na watu wakitoka msikitini vyungu huisha kwa kasi. Aliyefika kabla ya swala anachagua nyama, aliyefika saa nane na nusu anakwangua ukoko.

Saa tisa hadi saa kumi na moja: mgahawa wenye viyoyozi

Huu ni muda ambao mitaani mchana umeisha na usiku haujaanza. Utumie kwa migahawa ya kahawa ya Masaki, Mikocheni, Posta au Mlimani City. Uliza buni imetoka wapi. Arabika ya Kilimanjaro, Mbeya, Songwe au Ruvuma ina uchachu mwepesi. Robusta ya Kagera ni nzito na chungu, na inafukuza usingizi zaidi. Mwenye mgahawa asiyejua hata mkoa wa buni yake, agiza chai ya maziwa. Kama umekuja kufanya kazi, hakikisha intaneti na soketi ya umeme kabla ya kuagiza. Bei za menyu zisome chini kabisa: kama VAT ya asilimia 18 haijajumuishwa, kahawa ya 6,000 itakuwa 7,080 kwenye bili. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Sheria inamtaka muuzaji aitoe nawe uidai.

Jioni na usiku

Coco Beach, Oysterbay, ni mihogo, hasa Jumamosi na Jumapili alasiri. Chagua inayotoka karaini mbele yako. Muhogo mzuri unapasuka wenyewe na ndani ni mweupe wa unga. Ukiwa na nyuzi za buluu au uchungu mdomoni, utupe, usijikaze kwa sababu umeulipia.

Chipsi viazi vingi hukaangwa nusu alasiri na kurundikwa kwenye kabati la kioo. Ukiagiza zege, yaani chipsi mayai, mwambie "nikaangie mpya" na ukubali kungoja dakika kumi na tano. Tazama mafuta: yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi wa kuwasha macho, yametumika mno. Zege zuri lina mayai mawili yaliyoshikana na viazi, limegeuzwa mara moja, na katikati halitiririki.

Mishikaki nunua mmoja kwanza, ukate katikati, utazame ndani, ndipo uagize mingine. Kwa kuku wa mkaa wa mtindo wa Kihindi nenda katikati ya mji. Mamboz, kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, panajulikana na kila dereva.

Nyama choma na kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, huuzwa kwa kilo. Nenda mwenyewe hadi kwenye mzani, chagua kipande, kione kikipimwa kikiwa kibichi, na useme kama unataka kavu au rosti, ndizi ngapi, pilipili pembeni. Hesabu dakika arobaini hadi saa nzima. Nyama iliyokuja baada ya dakika kumi na tano si ile uliyoichagua. Nusu kilo inawatosha wawili wakiagiza na ndizi. Kumbuka nyama ikiiva hupungua na mfupa umo ndani ya uzito.

Mwezi wa Ramadhani ratiba yote hii hugeuka. Vibanda vingi vya mchana hufungwa au huwekewa mapazia, na chakula bora cha siku hutoka jua likikaribia kuzama: uji, tambi, magimbi, mihogo ya nazi, maharage ya nazi na samaki. Fika nusu saa kabla ya adhana ukiwa na chombo chako chenye mfuniko, kwa sababu wengi hununua kupeleka nyumbani, na adhana ikilia muuzaji naye anafuturu.