Unasoma udaktari China? Kurudi nyumbani anza kupanga mapema

Wadogo zangu mnaosoma udaktari China na nyie mnaojiandaa kwenda, mi nishamaliza nipo Bongo, ngoja niwaambie nilichokipitia, maana wengi tunadhani ukipata digrii umemaliza, kumbe foleni ndo kwanza inaanza.

Kabla hujaondoka hakikisha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wanakitambua chuo chako na uchukue kile cheti chao cha kutokuwa na pingamizi, ejenti akikwambia sio lazima ujue anawaza kamisheni yake. Angalia pia kama wizara ya elimu ya China imeruhusu chuo kufundisha MBBS, yaani digrii yenyewe ya udaktari, kwa Kiingereza, sio unafika slaidi za Kiingereza mwalimu anaongea Kichina.

Alafu Kichina chenyewe jamani. Darasani utapeta na Kiingereza ila mgonjwa hakijui, bibi katoka kijijini anaongea kilugha chake mpaka daktari Mchina mwenzie anakuna kichwa. Mi Kichina nilisoma cha kuvukia mtihani tu, matokeo yake mwaka wa intern, ule wa mazoezi hospitalini huko China, kwenye raundi za kupitia wagonjwa wodini nilikua nasimama nyuma kama mlinzi. Nimerudi huku ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, nasoma vizuri tu ila kaletwa mtoto ana degedege natafuta mshipa mikono inatetemeka, nesi mmoja mtu mzima akaniambia "dokta sogea kidogo mwanangu", akaupata mara moja. Aibu niliyoiona hapo! Ila mama yule ndo kanifundisha kazi.

Kwaiyo likizo usimalizie yote Kariakoo unauza simu ulizobeba Guangzhou (najua mnajijua), nenda hospitali ya wilaya omba kukaa hata wiki 4, uone malaria kali na artesunate, sindano yake, inavyochanganywa, kifafa cha mimba, watoto wa selimundu. Ukirudi kuna mtihani wa Baraza la Madaktari la Tanzania Bara, MCT, na hapo usijibu kwa vitabu vya huko tu, pitia mwongozo wetu wa matibabu, ule STG, mpaka uuzoee. Baada ya hapo ndo intern ya hapa nyumbani miezi 12. Zanzibar wana baraza lao, na ndugu zetu Wakenya nao wana baraza lao, KMPDC, na mtihani wake.

Makaratasi sasa. China unapewa vyeti viwili, cha kuhitimu na cha digrii, usirudi na kimoja. Transkripti chukua nakala za kutosha zenye muhuri mwekundu wa chuo, na barua ya intern ya huko China inayoonyesha wodi gani umekaa wiki ngapi, pasipoti ya zamani usitupe. Kama na wewe ulinasa nyumbani kwa korona 2020 mpaka 2022 ukawa unasoma onlaini, omba chuo kikuandikie masomo ya vitendo uliyafidia wapi na lini, maana hilo swali utaulizwa tu. Yote haya fanya ukiwa bado upo huko, rafiki yangu mmoja alisahau muhuri mmoja, akaanza kuufatilia kwa WeChat kutokea Mwanza, ikaangukia mwaka mpya wa Kichina ofisi zote zimefungwa, intern akaanza wenzie washamaliza wodi ya kwanza.

Na vyeti panda navyo ndani kwenye begi la mkononi, usiviweke kwenye lile la kilo 23.